Injini Niliiua Mimi

Watu wa Didia wanajua kwamba Land Cruiser yangu iliharibiwa na dereva. Wanajua kwa sababu niliwaambia mimi. Nililisema stendi, nikalisema kijiweni kwenye kahawa, nikawapigia simu wenye magari wenzangu wa Tinde na Shinyanga mjini: yule kijana ana mguu mzito, ameniulia injini, msimpe gari. Si kweli. Injini niliiua mimi, kwanza kwa ubahili, kisha kwa amri niliyoitoa kwenye simu nikiwa nimekaa barazani kwangu, miguu mikavu. Kijana alijaribu kunizuia, tena si mara moja.

Nitalieleza pamoja na vyuma vyake na mipira yake, maana kusema tu kwamba nilikosea ni rahisi na hakumfaidii mtu.

Gari lenyewe ni Hardtop ya mfululizo wa 70, aina ambayo Toyota walianza kuitoa mwaka 1984. Injini yake ilikuwa 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda 6, haina turbo wala kompyuta. Nililinunua likiwa limetumika kwenye mradi. Kutoka Kahama hadi Geita sidhani kama kuna gereji ambayo haijawahi kuifungua 1HZ, na sifa yake ya kutosumbua ndiyo iliyoniponza. Kwa kuwa halilalamiki, nikajiaminisha kwamba halidai kitu.

Asiyekujua kwetu anaweza kuuliza mtu wa kando ya lami anataka nini na gari la namna hiyo. Lami ya kutoka Shinyanga kwenda Tinde tunayo, lakini fedha haiko kwenye lami. Iko Mwakitolyo kwenye maduara ya dhahabu, iko vijijini kwenye pamba na mpunga, na njia za kufika huko zinapanda na kushuka juu ya udongo ambao Wasukuma wameupa majina kwa tabia zake. Juu, karibu na mawe, kuna luseni, kichanga chepesi ambacho hakimtishi mtu hadi afike kwenye rundo lake wakati wa kiangazi. Katikati unaweza kukuta ibambasi, udongo mgumu usiokunywa maji, kwa hiyo maji hukaa juu yake na kuficha mashimo. Bondeni ndiko iliko mbuga yenyewe, mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi ukaacha nyufa za kuzamisha mguu, na mvua zikianza huvimba, nyufa zikafunga, ukawa hausimamiki. Gari linaweza kukutana na vyote vitatu kabla halijafika kwa mteja.

Kwa hiyo niliamua kuliandaa. Na hapa nitaje picha iliyokuwa kichwani mwangu. Mwaka 1991 msafara wa mashindano ya Camel Trophy ulipita Tanzania kwenda Burundi na Land Rover Discovery za manjano, zenye mkonga ubavuni, taa juu ya paa, winchi mbele na keria iliyosheheni makopo na majembe. Nilizikuta picha zake baadaye kwenye gazeti moja la zamani na sikuzisahau. Gari la porini, kwangu, lilikuwa lile. Nilitaka nikipita barabarani mtu aseme, hilo haliulizwi.

Nikaweka bampa la chuma. Nikaweka spotilaiti nne na keria. Nikaziondoa tairi nyembamba za 7.50-16 lilizokuja nazo, nikaweka pana, zenye meno makubwa, zilizojaza matao ya magurudumu vizuri sana. Tairi hizo kwenye luseni hazikuwa mbaya, hasa zikipunguzwa upepo. Kwenye mbuga zilikuwa balaa: mfinyanzi ulijaa katikati ya meno, tairi likawa kama limepakwa ugali, na badala ya kukata matope kutafuta ardhi ngumu chini, lilielea juu na kwenda upande linaotaka. Uzito wake nao ulikula beringi za habu. Dereva aliniomba nizirudishe zile nyembamba. Nilikuwa nimeshaziuza.

Mwisho nikaweka mkonga, lile bomba la kuivutia injini hewa kutoka juu.

Mkonga wenyewe nilinunua mzuri. Tatizo ni kilichofuata. Bomba lile la juu linashuka ubavuni, linapita ndani ya tao la gurudumu, linaingia chini ya boneti na kuungana na eakilina, na mahali pa kuungana panataka mpira wake na klipu za kukaza pande zote mbili. Fundi aliyenifungia, pale pale kando ya barabara, aliniambia mpira ulionunuliwa haulingani na shingo ya eakilina, nikaagize mwingine. Nikamuuliza kama hawezi kulipitisha kwa leo. Akapaka silikoni, akazungushia selotepu nyeusi ya umeme, akasema, "Bosi, hii ni ya kukufikisha nyumbani." Mimi nikaitumia kiangazi kizima. Kwa nje mkonga ulikuwa umesimama, umepakwa rangi, na wateja waliusifia.

Dereva wangu alikuwa na kidaftari alichokichomeka nyuma ya kikinga jua. Baada ya safari ya matope aliliosha gari kwa chini, akalala chini yake na tochi, akaandika. Sentensi zake zilikuwa fupi. Klipu bomba la mkonga hakuna. Kimpira cha chini cha eakilina kimechanika. Kipumulio cha difu ya nyuma kimeziba. Oili difu ya mbele nyeupe. Habu kushoto inacheza. Krosi zinataka grisi. Aliniletea jioni, na mimi nikamjibu kama wenye magari tunavyojibu: tutaona mwezi ujao.

Sasa naweza kueleza kila mstari wa kidaftari kile, elimu niliyoipata kwa gharama. Difu ina kipumulio kidogo juu yake kwa sababu oili ikipata joto hewa ya ndani hutanuka, ikipoa husinyaa. Gari likitembea, difu inachemka. Likiingia ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta. Kipumulio kikiwa kizima na mpira wake umepandishwa juu, itavuta hewa. Kikiwa kimezibwa na mbuga iliyokauka, itavuta maji kupitia kwenye sili, na oili itageuka nyeupe kama maziwa. Oili nyeupe hailindi meno ya giya. Yote hayo yalikuwa kwenye maneno matano: oili difu ya mbele nyeupe.

Kimpira cha chini cha eakilina kinadharauliwa kuliko vyote. Kazi yake ni kutema vumbi na kujifunga. Kikichanika, eakilina ina tundu chini, na mwenye gari anaweza kuusimamisha mkonga hadi mawinguni, injini itavuta kutoka pale palipo chini. Kiangazi itavuta vumbi la moramu. Na kwangu vumbi lilikuwa limeshapita kwenye ile selotepu hadi kwenye filta. Kijana alipitisha kidole ndani ya bomba akanionyesha kilivyokuwa chekundu. Nikamwambia apulize filta kwa upepo.

Ilikuwa masika. Wateja walikuwa wachimbaji wadogo waliokodi gari kupeleka pampu Mwakitolyo. Duara lao lilikuwa limejaa maji na walikuwa na haraka, kama mtu yeyote ambaye dhahabu yake iko chini ya maji. Njiani kuna korongo ambalo kiangazi hupitika kwa bajaji. Siku hiyo lilikuwa mto. Kijana alisimamisha gari, akavua viatu, akaingia na fimbo, akapima hadi ng'ambo, akarudi, akanipigia.

"Shikamoo mzee. Maji yananifika nusu ya paja na yanakimbia. Naomba tusubiri, mvua imekatika, jioni yatakuwa yameshuka."

"Gari si lina mkonga?"

"Mkonga upo mzee, ila lile bomba kwa ndani..."

"Wateja wananipigia mimi hapa, hawakupigii wewe. Vuka."

Toyota wenyewe wanaliandikia gari la mfululizo huo kina cha sentimita 70, na hayo ni maji yaliyotulia, na gari ambalo mipira yake yote ipo. Sikuwa nimewahi kulisoma hilo. Nilidhani kina cha maji hupimwa kwa urefu wa mkonga.

Alifanya kila kitu ambacho dereva anatakiwa kufanya. Alifunga lokisi za habu za mbele, akaweka 4L, giya ya pili, akafunga turubai mbele ya rejeta ili maji yasiingie moja kwa moja kwenye feni, akaingia polepole akilisukuma wimbi mbele yake bila kulipita. Karibu na ng'ambo gurudumu la mbele likaangukia shimo ambalo fimbo haikulipata. Pua ikainama, maji yakapanda ndani ya boneti, injini ikazimika mara moja, bila kukohoa.

Hakugusa swichi tena. Wenye gari wengi wangepiga stata. Alishuka dirishani, akaenda kutafuta trekta kwenye majaruba, wakalivuta gari hadi ukingoni, ndipo akanipigia tena. Akaniambia imekunywa maji. Akaomba muda afungue hita plagi zote sita, aizungushe injini tupu itapike maji kwanza, kisha amwage oili aangalie kama imechanganyika. Alikuwa na spana zake. Ilikuwa kazi ya kumaliza kabla ya usiku.

Nikakataa. Nikamwambia trekta lipo, kamba ipo, walivute, atie giya ya pili aachie klachi, litawaka. Akasema, "Mzee, litapinda vyuma." Nikamwambia kama ameshindwa kazi nitampata mwingine, na nikamtaka ampe simu mteja, nikamwambia mteja amsimamie.

Hapa nieleze nilichomlazimisha kufanya. Dizeli haina cheche. Inawasha kwa kuibana hewa hadi iwe moto. 1HZ inaibana zaidi ya mara 22. Chukua lita 4.2, zigawe kwa silinda 6, uzibane kiasi hicho: nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika kileleni ni kama vijiko viwili vya chakula. Hewa inakubali kubanwa. Maji hayakubali. Silinda ikiwa na maji yanayozidi vijiko hivyo viwili, pistoni haifiki juu, na kama kuna nguvu inayoilazimisha, kitakachokubali kupinda ni konrodi, mkono wa chuma unaoishika pistoni. Stata ina nguvu kidogo, mara nyingi itagoma tu. Trekta la shambani likivuta gari lililo kwenye giya halina habari na konrodi.

Likawaka. Nilifurahi kusikia, hata nikamwambia kijana anione nilivyojua. Lilitoa moshi mweupe, likagonga, kisha likatulia kiasi, pampu ikafika Mwakitolyo na fedha ikaingia.

Baada ya hapo aliniambia mara kadhaa kwamba injini ina mlio. Mimi nikasema ni nozeli. Likafanya kazi hivyo hadi siku moja, kwenye lami, mchana kweupe, halijabeba kitu cha maana, likiwa linarudi kutoka Tinde, konrodi moja ikakatika na kutoboa ubavu wa bloku. Oili ilimwagika barabarani mita nyingi.

Nilifika pale na watu wameshajaa. Sikumuuliza kama ameumia. Nilimuuliza alikuwa anakimbia kwenda wapi. Akasema, "Mzee, unaikumbuka siku ya korongo?" Nikamwambia asinijibu mbele za watu. Nikamnyang'anya funguo, nikamfukuza pale pale, na mshahara wake wa mwezi ule nikasema ni fidia. Kisha nikaanza zile simu nilizozitaja mwanzoni.

Gari lilipelekwa gereji Shinyanga mjini. Fundi aliishusha injini, akaifungua, akaniita. Alikuwa amezipanga konrodi mezani kwa mstari. Ile iliyokatika ilikuwa vipande. Jirani yake ilikuwa nzima lakini imepinda, na hata jicho langu liliona kwamba ni fupi kuliko wenzake. Akaniuliza gari hili lilishawahi kuingia maji. Nikasema sijui. Akanitazama, akachukua bomba la kuingizia hewa akalifuta ndani kwa kitambaa, kitambaa kikatoka na mbuga kavu. Akasema chuma hiki hakikupinda juzi. Kimetembea kimepinda mpaka kikachoka. Akaivua ile selotepu na kuiweka mezani pamoja na vingine.

Nilimwambia hilo libaki hapa hapa. Katika yote niliyoyafanya, hilo ndilo ninaloliona baya zaidi. Korongoni nilikuwa mjinga, na ujinga una udhuru kidogo. Mezani pale nilikuwa najua. Nilijua, na nilinyamaza kwa sababu kusema kulimaanisha kurudisha mshahara, na kulimaanisha mzee wa umri wangu kwenda kumwomba radhi kijana. Kilichonishinda zaidi ni hicho cha pili. Kijana huku nje alikuwa akiomba kazi kwa watu niliokwisha kuwapigia simu.

Nikanunua injini nyingine iliyotumika, ikafungwa. Nikapata dereva mpya, mtu mzima, mkimya. Mvua zilipokaribia akaniomba ruhusa ya kujaribu mkonga. Akaliwasha gari likiwa limesimama, likiunguruma taratibu, akapanda kwenye bampa na kipande cha ubao kilichofungwa mpira wa tyubu, akauziba mdomo wa mkonga. Akaniambia injini inatakiwa ikose pumzi ife. Haikufa. Iliendelea kuunguruma bila hata kubadili sauti. Akaondoa ubao, akanitazama akisubiri niseme kitu.

Nilikuwa nimeifunga injini mpya chini ya bomba lile lile. Mpira haukuwa umeagizwa. Mahali pa selotepu ya kwanza palikuwa na selotepu nyingine, na kimpira cha chini kilikuwa bado kimechanika. Nilikuwa nimelisadiki neno langu mwenyewe kwamba kosa lilikuwa la dereva, na kama kosa ni la dereva, bomba lina tatizo gani?

Siku hiyo hiyo nilikwenda Shinyanga. Mpira unaolingana, klipu na kimpira cha kutemea vumbi havikufika hata fedha ya kukodisha gari kwa siku moja. Tulivifunga, akaziba tena mdomo wa mkonga kwa ubao, injini ikajikunja ikazimika. Kisha tukashusha oili za difu zote mbili. Tukaenda na kile kidaftari cha kijana, ambacho kumbe hakuna aliyekiondoa nyuma ya kikinga jua, tukafuata mstari kwa mstari. Nimerudi kwenye tairi za 7.50-16. Spotilaiti zipo, hazina ubaya wowote, ila hazina kazi mchana na usiku hatusafiri matopeni.

Sikumwendea kijana moja kwa moja. Nilipita kwa baba yake mdogo, kama ilivyo desturi, naye akanisikiliza hadi mwisho na kuniambia niende mwenyewe Mwakitolyo, kijana yuko kwenye karasha anasaga mawe. Nilikwenda. Alinisalimia kwa heshima ile ile, shikamoo mzee, na kuniletea kigoda. Nikamwambia yote, pamoja na la mezani kwa fundi, ambalo hakulijua. Nikampa mshahara wake niliouzuia na fedha nyingine ya miezi aliyokosa kazi. Aliupokea mshahara. Ile nyingine aliihesabu, akaiweka kando kwanza, akasema kama ni kumlipa, niyaseme maneno haya kila mahali nilipoyasema yale. Baba yake mdogo alipomwambia aichukue, akaichukua. Kurudi kuniendeshea hakutaka, na sikumsihi.

Stendi nimeshasema. Kijiweni nimeshasema, na kuna waliocheka. Kwenye simu nimewapata baadhi, wengine wamebadili namba, ndiyo maana naandika.

Kwa hiyo kwa yeyote mwenye gari, kuanzia Tinde hadi Kahama na Geita, aliyewahi kuambiwa na mimi asimpe kazi dereva fulani wa Didia: nililokwambia lilikuwa uongo. Leseni yake ni hai, anaijua 1HZ kuliko mimi, na anajua kusimama ukingoni akapima maji kabla ya kuingia. Ukihitaji dereva wa masika, mtafute. Na akikuletea kidaftari jioni, kisome.